Hodi za Mabruki

Nimesifiwa kwa maandishi mara moja tu katika umri wangu, na sifa yenyewe ni ya uwongo. Barua ipo. Imepigwa kwa mashine, ina muhuri, na inasema kwamba mimi, Silima Mjaka, kiranja mkuu wa chuo cha walimu, niliwalinda wanafunzi wenzangu siku ya fujo "kwa utulivu na kwa kufuata kanuni." Mke wangu aliitia fremu akaitundika ukumbini. Nimeitoa mara mbili, akairudisha mara mbili, na mara ya pili akaniuliza nina wazimu gani hata nikaona haya jambo la heshima. Sasa waliokuwa wakiweza kudhurika na maneno haya wameshakwenda kwa Mola wao, nimebaki mimi, na mimi acha nidhurike.

Ilikuwa mwaka sitini na moja, mwezi wa Juni, siku zile tunazoziita zama za siasa. Vyama sitavitaja. Waliokuwapo wanavijua, na wasiokuwapo wakivijua wataanza kuniuliza mimi nilikuwa kipi, na hapo hadithi itageuka ya chama badala ya kuwa ya mtu. Inatosha kujua kwamba Pemba ilikuwa imepasuka vipande viwili. Ndugu hawazikani, duka lina wateja wa upande wake, na mtu akipiga chafya mbele yako unamtazama kwanza ni wa wapi ndipo umwombee dua.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, juu ya kilima nje ya mji wa Wete, kimezungukwa na mikarafuu. Tulikuwa wanafunzi thelathini na mmoja, vijana wa miaka ishirini na kitu, tunajifunza ili tukafundishe skuli za mashamba. Mkuu wa chuo alikuwa Mwalimu Kificho, mtu mwembamba mwenye miwani, aliyekuwa na tabia ya kuyaogopa mambo kabla hayajafika. Tulimcheka kwa hilo. Siku hizi naona ndiyo iliyokuwa akili.

Habari za uchaguzi zilipoanza kuchacha, alitukusanya bwaloni tulipokuwa tukilia chakula, jengo pekee la mawe pale chuoni, akatueleza mpango. Kengele yetu ilikuwa ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mshelisheli. Ringi ile ikigongwa mfululizo bila kupumzika, kila mtu aache alicho nacho, hata kama ana sabuni mwilini, akimbilie bwaloni. Madirisha yafungwe mbao zake. Mlango utiwe komeo. Watu wakae chini, wauegemee ukuta, mbali na madirisha, majina yaitwe, na baada ya hapo asisikike mtu hata kukohoa. Ndoo mbili za maji ziwemo daima, na ya tatu iwe pembeni nyuma ya pazia la gunia. Kazi ya hiyo ya tatu Mwalimu Kificho aliona haya kuieleza, akasema tu kwamba sisi ni watu wazima.

"Na mlango haufunguliwi," akamalizia, "mpaka nije mimi mwenyewe nitaje jina langu. Asifunguliwe mtu mwingine yeyote. Hata akija mama yako mzazi, Silima."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Komeo nilikabidhiwa mimi, na kichwa kikanivimba. Tulifanya mazoezi mara mbili. Mara ya pili tulikuwa ndani, kimya, kabla mtu hajasoma Yasini nusu, na Mwalimu Kificho akasimama nje ya mlango akitupongeza kwa sauti iliyojaa machozi.

Majina yaliyoitwa yalikuwa yale ya daftari la wanafunzi. Karani wa chuo hakuwamo daftarini, wala mpishi. Hakuna aliyeuliza hao watakwenda wapi. Mimi nilikuwa nimelishika daftari kwa mikono yangu miwili na sikuuliza.

Mpishi wetu alikuwa Mzee Mabruki. Alikuja Pemba kutoka bara akiwa kijana, kuchuma karafuu, akaoa hapa, akazaa hapa, akawazika wazee wa mkewe hapa, na Kipemba chake kilikuwa cha ndani kuliko changu mimi niliyekichafua kwa vitabu. Lakini watu walipotaka kumkumbusha, walimkumbusha. "Ntu wa bara yule," wangesema, kana kwamba miaka thelathini na tano ni safari ya kwenda sokoni na kurudi.

Adabu zake zilikuwa kichekesho cha chuo kizima. Sote tulifundishwa na mashehe wetu utotoni kwamba mtu anabisha hodi mara tatu: akiitikiwa anaingia, asipoitikiwa anarudi alikotoka wala hanuni. Lakini nani aliyekuwa akiifuata mpaka mwisho? Sisi tulipiga hodi huku mkono mmoja unasukuma mlango. Mabruki alipiga hodi moja, akasimama, akangoja muda wa kusoma alhamdu mpaka amina, ndipo akapiga ya pili. Ya tatu ikipita kimya, basi, ya nne hutaisikia. Alipiga hodi hata kwenye jiko lake mwenyewe. Tulikuwa tukijipenyeza mle kuiba ukoko wa wali, na yeye akisikia sufuria zinagongana, badala ya kuingia na mwiko mkononi, anasimama nje na kusema, "Hodi jikoni." Mwizi anapata nafasi ya kutokea mlango wa nyuma na heshima yake haijaguswa. Mimi nimetokea mlango ule si mara moja wala mbili.

Akiniita mwanangu. Wanafunzi wote aliwaita hivyo, lakini mimi nilidhani langu lina uzito zaidi.

Siku chache kabla ya kura, tulipokuwa tumepanga foleni na sahani zetu, nilimuuliza mbele ya watu atampigia nani. Nilikuwa ndiye kinara wa vijana wa chama chetu pale chuoni, na swali nililiuliza kwa sauti ya kinara.

"Kura n'siri, mwanangu," akasema, huku ananipakulia. "Kama chakula. Kishaingia tumboni, hakitazamwi tena."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na waliocheka zaidi ni wale wa upande wa pili. Nilikwenda kukaa na sahani yangu masikio yananiwaka. Siku ya kura, Soud, yule karani wa chuo, ambaye alikuwa chama kimoja na mimi, akaja kutuambia kwamba amemwona Mabruki kwenye foleni akichekeshana na wenzetu wa ule upande. Kwangu ikawa imekwisha. Nikaanza kusema kwamba mpishi anawapakulia watu wake minofu na sisi anatupa mifupa. Ulikuwa uwongo mtupu. Samaki mwenyewe alikuwa kibua, na minofu ya kibua hata paka hagombanii. Lakini maneno yale yalienea, na siku mbili hizo nusu ya wanafunzi walikuwa wakipokea sahani zao bila kumwambia ahsante. Aliona. Akaendelea kutuita wanawe.

Kura zilipigwa Alkhamisi. Jumamosi yake habari za Unguja zilikuwa zimeshafika, za watu kupigana na kuuana mitaani, na kila mtu alikuwa na toleo lake. Kwetu kulikuwa kimya, lakini kimya cha kuogopesha. Mabruki alitoka asubuhi kwenda Wete kutununulia samaki, kwa miguu kama ada yake.

Tulikuwa tumetoka kusali adhuhuri tuliposikia kelele kutoka bondeni, kwenye barabara. Halafu ringi ikaanza kugongwa, mfululizo, bila kupumzika. Aliyegonga ni Mwalimu Kificho mwenyewe. Alipoona tunakimbilia bwaloni, akapanda baiskeli yake na kushika njia ya nyuma, ya mikarafuuni, kwenda kuita polisi. Alikuwa mwoga, lakini alikwenda peke yake.

Tukafunga madirisha. Nikatia komeo. Nikaita majina, thelathini na moja, wote tumo. Tukakaa chini tumeegemea ukuta, na jua la saa nane likalichoma bati juu yetu mpaka jasho likawa linadondoka sakafuni. Niliogopa. Nasema hivi kwa sababu barua inasema nilikuwa mtulivu.

Mara mlango ukapigwa makofi na mateke. "Fungueni! Fungueni, mtan'uwa! Ni miye Soud!"

Sikufikiri. Niliruka, nikatoa komeo, nikamvuta ndani kwa kola ya shati, nikafunga. Alikuwa akihema. Akasema kuna kundi linapita barabarani na marungu na mapanga, watu wetu, waliopata habari kwamba mwenzao kapigwa kijiji cha pili, na sasa wanamtafuta yeyote wa upande ule. "Siye hawatugusi," akasema. "Lakini mimi sikungoja niwaeleze mimi nani." Watu wawili watatu wakacheka kidogo kwa hofu. Hakuna aliyesema neno kanuni. Soud hakuwa mwanafunzi, hakuwa Mwalimu Kificho, wala hakubisha hodi.

Pengine zilipita dakika kumi. Kisha, nje ya mlango, kwa sauti ile ile ya kila siku:

"Hodi."

Jaribu alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Tulilala vitanda vya jirani tangu mwaka wa kwanza, na alikuwa wa chama kile kingine, lakini sisi wawili tulikuwa tumepatana tusilizungumze jambo hilo chumbani. Akaniinamia sikioni. "Yakhe, huyo Mzee Mabruki. Nfungulie."

"Weye!" Soud akanong'ona kutoka upande wa pili. "Huyo wao huyo. Ukinfungulia huyo, lile kundi litakuja kuntafuta humu. Litatukuta sote."

Hilo lilikuwa neno la maana, na nitakuwa dhalimu nikisema halikuwa. Ningeweza kulisimamia mpaka leo. Nikasema, "Kanuni." Jaribu akamtazama Soud aliyekuwa bado anahema. Kisha akanitazama mimi.

Muda wa alhamdu ukapita.

"Hodi, wanangu. Ni miye Mabruki. Nna samaki wenu."

Jaribu akafungua kinywa aitikie. Nikamziba kwa kiganja. Nilihisi meno yake na pumzi zake za moto, na macho yake yalikuwa karibu kabisa na yangu. Watu wote bwaloni walikuwa wakinitazama, wa chama changu na wa chama chake, na hakuna hata mmoja aliyeinuka. Kwa nini wangeinuka? Komeo lilikuwa langu.

Hapo ndipo nilipofanya hisabu. Sikuhitaji kumkatalia. Sikuhitaji kusema "nenda zako," wala kumweleza kanuni kupitia tundu la mlango, wala kumwambia akajifiche mikarafuuni kwa sababu barabarani kuna watu. Hata hilo ningeweza, na ningelisema kwa kunong'ona. Nilihitaji kunyamaza tu. Ilibaki hodi moja. Adabu yake ingefanya kazi iliyobakia.

"Hodi," akasema mara ya tatu, polepole.

Tulisikia pakacha linawekwa chini. Tukasikia makubadhi yake ya mpira kwenye changarawe, hayana haraka, yanateremka kuelekea barabarani, maana nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Nimejieleza mbele ya nafsi yangu miaka mingi kwamba niliogopa kundi. Kundi niliogopa, ndiyo. Lakini nilipomsikia anateremka sikuwa nikifikiria kundi. Nilikuwa nikifikiria ile foleni ya sahani na watu wanaonicheka. Nilitaka apate adabu kidogo. Nilitaka mchana mmoja ajue kwamba yuko nje na sisi tuko ndani, na kwamba mwenye mlango ni mimi. Nilisikia raha, raha ya kweli, kifuani hapa. Haikudumu hata muda wa kunywa kikombe cha maji.

Kelele zilipanda kutoka barabarani. Hakulia, wala hakuomba. Alisema kwa sauti kubwa, "Jamani! Jamani!" kama mtu anayewakanya watoto wanaocheza vibaya. Halafu sikusikia tena sauti yake, nikasikia za wengine tu, na baadaye hata hizo zikaenda mbali.

Jaribu akautoa mkono wangu kinywani mwake. Sikujua kwamba nilikuwa bado nimeuweka. Akaenda kukaa pembeni karibu na ile ndoo ya tatu, penye harufu, mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyetaka kukaa.

Alasiri Mwalimu Kificho akarudi na askari watatu. Akataja jina lake, jina la baba yake na la babu yake, nikafungua. Kitu cha kwanza alichokiona ni pakacha la vibua, chini pale kizingitini, nzi wamelijaa.

"Nani kaacha samaki hapa?"

"Mabruki, Mwalimu," nikasema. "Aliwaacha kabla ya kengele."

Sikujua kwamba uwongo ule ulikuwa tayari ndani yangu. Ulitoka umenyooka, una mwanzo na mwisho. Nyuma yangu walikuwepo watu thelathini na mmoja waliojua vingine, ukimhesabu Soud, na hakuna aliyefungua kinywa. Wengine waliogopa, nadhani, na wengine waliona ni kheri iwe hivyo. Mwalimu Kificho alinikumbatia akalia begani mwangu. "Wote," akawa anasema. "Wote, Silima, hata mmoja hakukosekana."

Mabruki walimkuta mtaroni chini ya kilima. Alikuwa hai. Kichwa kilikuwa kimepasuka, na mkono wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili. Askari wakampakia kwenye gari lao wakampeleka hospitali. Na sisi jioni ile tulikuwa na njaa, na mpishi hatuna, basi wanafunzi wenyewe wakawasha moto wakawapika wale vibua. Tuliwala. Jaribu hakula. Mimi nilikula, tena niliongeza.

Baada ya wiki mbili Mwalimu Kificho aliniita ofisini, uso umemng'ara. Ofisa wa polisi alikuwa amekwenda kumhoji Mabruki kitandani, na maneno yake yalilingana na yangu barabara: aliacha samaki kabla ya kengele, akashika njia ya kwake, akakutana nao barabarani. "Alhamdulillahi hakuwa na haja ya kuja bwaloni wakati ule," akasema Mwalimu Kificho. "Ungekuwa na mtihani mzito, mwanangu. Mimi mwenyewe sijui ningefanya nini."

Nikatoka pale kichwa kinanizunguka. Mimi na Mabruki hatujapatana kitu, hata hatujaonana. Kwa nini anibebee uwongo wangu? Nililala na swali hilo na kuamka nalo, na mwisho nikajipa jibu lililonipendeza: kanisamehe. Mtu aliyekuwa akimpa mwizi wa ukoko nafasi ya kutoka, kanipa na mimi nafasi ya kutoka. Jibu lile lilinituliza kidogo. Halafu barua ikaja, ikasomwa mbele ya chuo kizima, wakapiga makofi, na utulivu wote ukaniisha. Jaribu hakupiga makofi. Alikuwa ameshaomba kuhamishiwa kitanda kingine, na tangu siku ile ya bwalo mpaka tulipoagana chuo hakupata kunisemesha ila kunitolea salamu, kwa sababu salamu ni wajibu.

Nikaazimia. Nitakwenda kwa Mabruki, nitamwomba radhi kwa kinywa changu, na nikitoka kwake sitapita popote, nitakwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Kificho nikaseme kweli. Wakinifukuza, wanifukuze. Niliazimia hivyo mwezi wa Agosti. Nilikwenda Septemba. Wiki zote hizo katikati nilikuwa na mtihani, nilikuwa na homa, nilikuwa na mvua.

Nilimkuta nyumbani, karafuu za watu zimeanikwa kwenye majamvi uwanjani. Kupika hakuwezi tena, na chuo kilikuwa na mpishi mwingine, basi yeye akapewa kazi ya kulinda karafuu zisiliwe na mvua wala kukanyagwa na kuku. Mkewe, Bi Mwanawema, alikuwa akizigeuza kwa mikono.

"Hodi," nikasema.

"Karibu! Karibu, karibu!" Aliitikia kabla sauti yangu haijakauka, akatoka ukumbini mbio mbio, akasimama. Mzee wa rika la baba yangu akanisimamia mimi. Akafuta kiti kwa kanzu yake, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeunga upogo, umekunjamana kifuani. "Karibu kitako, Bwana Silima. Mwanawema, hebu kahawa, kuna mgeni."

Bwana Silima. Nikakaa.

Alinitazama akitabasamu, na tabasamu lile halikwenda popote, lilikaa tu usoni. Akaniuliza hali ya mama, hali ya baba, hali ya masomo. Akaniuliza tena hali ya baba. Bi Mwanawema alipoingia ndani kutafuta kahawa, nikaona nikichelewa nitashindwa.

"Mzee Mabruki, nimekuja kukuomba radhi. Siku ile nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikusikia. Zote tatu nilizisikia."

Akageuka haraka kutazama alikoingia mkewe. "Sema polepole," akasema.

"Ungewaambia polisi. Kwa nini hukuwaambia?"

"Waliniuliza. Wakasema, wanafunzi wasema uliacha samaki kabla ya kengele, ndivyo? Nkafikiri kidogo. Nkasema ndivyo."

"Lakini sivyo."

"Sivyo. Najua sivyo. Nlikuwapo."

"Mimi nilidhani," nikasema, na niliona haya hata kulitamka, "nilidhani umenisamehe."

Tabasamu likamtoka. Nilimwona uso wake halisi kwa mara ya kwanza tangu nifike, na ulikuwa uso wa mtu aliyechoka.

"Ntakwambia, Bwana Silima, na nakuomba usikasirike. Nkisema nlibisha hodi, wataniuliza kwa nini sikufunguliwa. Nkiwaambia kwa nini, nshataja chama. Nkishataja chama, nimekwisha. Walionipiga nawajua, wanapita hapa kila siku, wananisalimu. Baba yako n'ntu mkubwa kuno. Mke wangu anateka maji kwenye kisima cha mtaa wenu. Karafuu hizi za ami yako. Miye nna mkono mmoja. Bara sina ntu tena, wote wamekufa. Nende wapi?"

"Sikuja kukutisha, Mzee wangu."

"Najua. Wallahi najua. Lakini tangu uliposema hodi moyo wangu unapiga, mpaka sasa."

Nilikuwa nimekwenda kwa mtu anisamehe, na mtu yule alikuwa akiniogopa. Hakuwa amenipa nafasi ya kutoka. Alikuwa akiitafuta yake.

Bi Mwanawema akaja na kahawa na kisahani cha tende. Akanishukuru kwa kuja kumtazama mgonjwa. Akaniambia watu wachache sana wa chuo waliokumbuka, Mungu atanilipa. Nikanywa kahawa ile mpaka mashapo, huku Mabruki akinitazama midomo aone nitasema nini mbele ya mkewe. Alipoondoka na vikombe, mzee akasogea karibu, akanishika goti kwa ule mkono wake mzima.

"Nataka jambo moja kwako," akasema. "Maneno haya usimwambie ntu. Wala Mwalimu Kificho. Najua una moyo wa kutaka kusema, nakuona. Lakini ukisema, weye utasutwa wiki moja, miye watanirudia. Niahidi."

Nikamwahidi. Sikungoja hata amalize. Nikamwapia kwa Mungu na Mtume wake, na mkono wake ukalegea gotini pangu, na machozi yakamtoka, na akaniombea dua ya maisha marefu, ambayo nimeyapata.

Ahadi ile sikuivunja siku zote alipokuwa hai, wala alipokuwa hai mkewe, na mtu asiyejua anaweza kusema huo ni uungwana. Lakini mimi najua nilivyotoka pale. Njia ya kwa Mwalimu Kificho ilikuwa mkono wa kulia, na mimi nikashika ya kushoto, ya nyumbani, nikitembea mwepesi. Maana tangu asubuhi ile nilipovaa kanzu yangu nilikuwa nikimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba Mabruki aniambie ninyamaze.